Mambo ya Nyumbani: Safari Isiyo ya Msiba



Leo nataka kuwauliza swali moja, nanyi mnijibu kwa kweli. Katika nyumba yako, ni nani aliyepata kuliona Ziwa Viktoria? Na siku alipoliona, alikuwa akienda kufanya nini?

Najua majibu ya nyumba nyingi za Ngara na Biharamulo. Baba alifika Bukoba kwa sababu ya kesi ya shamba. Mama alifika mara mbili: mara ya kwanza kumpeleka mtoto hospitali, mara ya pili kumzika ndugu yake Kamachumu. Kijana mkubwa alipita Kemondo usiku, amelala ndani ya basi. Watoto wadogo hawajafika kabisa. Wamelichora tu shuleni kwa kalamu ya buluu. Ndivyo tulivyo. Twasafiri kwa ajili ya ugonjwa, kesi na msiba. Nauli ya msiba hupatikana siku ile ile, hata kwa kukopa kwa jirani. Nauli ya furaha twasema haipo.

Basi shauri langu la juma hili ni hili: kabla ya watoto kutawanyika kwenda kutafuta kazi, na kabla ya wazee kuishiwa na nguvu, jamaa yote ifunge safari moja pamoja, kutoka kwetu milimani hata pwani ya ziwa, bila maiti na bila mgonjwa. Tena isiwe safari ya kukimbia. Iwe safari ya kusimama mahali hapa na pale, kutazama na kuzungumza.

Najua mtasema: "Mwandishi, hayo ni mambo ya watalii. Sisi ni wakulima." Sikatai. Lakini ziwa hili si mali ya watalii. Upana wake ni kilometa za mraba 68,800 hivi. Katika maziwa yote ya maji baridi duniani, moja tu lalishinda kwa upana, nalo ni Superior la Amerika ya Kaskazini. Tena hata mwaka 2005 wilaya ya Biharamulo yenyewe ilifika ziwani. Mwaka ule upande wa Chato ulifanywa wilaya peke yake, na mwaka 2012 ukaingia katika mkoa mpya wa Geita. Mipaka imehama, lakini ziwa liko pale pale, na sisi ni jirani zake.

Wakati gani mwende

Miezi mizuri ni Juni, Julai na Agosti. Mvua zimekatika, barabara ni kavu, maharage yamekwisha vunwa, na watoto wana likizo ya katikati ya mwaka. Kwa wenye kahawa, ndio wakati fedha zinapoanza kuingia nyumbani. Twajua jinsi fedha za kahawa zinavyoweza kupotea: leo pombe ya rafiki, kesho redio mpya, kesho kutwa deni la mtu asiyekumbuka kulipa. Mwezi wa Septemba mama auliza fedha zimekwenda wapi, na hakuna awezaye kumjibu.

Kabla ya kutoka, tafuteni mtu wa kuangalia nyumba. Nani atawakamua ng'ombe? Nani atawafungia mbuzi? Patana na jirani mwema: mwaka huu yeye aangalie kwako, mwaka ujao wewe uangalie kwake naye aende. Hivyo nyumba mbili zitasafiri, wala hapatakuwa na mtu wa kulipwa.

Fedha zake

Usiuze ng'ombe kwa ajili ya safari hii, wala usikope hata shilingi moja. Safari ya furaha yenye deni nyuma yake si furaha tena. Anza mwaka mzima mbele. Weka kibubu nyumbani, na kila siku ya mnada jamaa watie kitu: baba sehemu ya mbuzi aliyeuzwa, mama fedha za ndizi au mayai, na watoto nao kuku wao mmoja. Mtoto aliyetoa kuku wake hatalala ndani ya basi. Atatazama dirishani mwanzo hata mwisho!

Kisha chukueni karatasi mkaandike. Mstari wa kwanza: nauli ya kwenda na kurudi, mara idadi ya watu. Uliza stendi mapema, tena uliza nauli ya watoto, maana mtoto wa kupakatwa hahesabiwi kama mtu mzima. Mstari wa pili: malazi ya usiku nne. Hapa ndipo wengi hupoteza fedha bure, kwa kuwa hawakuandika barua wala kupiga simu kwa jamaa. Hakuna nyumba ya Ngara isiyo na shangazi, binamu au mkwe huko Muleba au Bukoba. Mpeleke mkungu wa ndizi na maharage, naye atawapa mkeka na moto. Mstari wa tatu: chakula cha njiani. Mstari wa nne: fedha ya dharura, nayo isipungue robo ya jumla yote. Hiyo ashike mama, isiguswe mpaka mrudi.

Njia, siku kwa siku

Njia yenyewe ni kama kilometa mia tatu, nayo ni ya lami. Kutoka Rusumo hata Lusahunga ni kilometa 92. Kutoka Lusahunga, kupita Biharamulo na Muleba hata Kagoma, ni kilometa 154. Kutoka hapo si mbali kufika Bukoba. Gari laweza kuimaliza kwa siku moja. Sisi tuimalize kwa siku tatu, maana mwenye kukimbia aona barabara tu.

Siku ya kwanza, Alhamisi. Ninyi wa Ngara, msielekee ziwani mara moja. Nendeni kwanza Rusumo, penye mpaka wa Rwanda. Mto Ruvubu unatoka Burundi na kuungana na Kagera karibu na hapo, kisha maji yote yanaporomoka katika mwamba. Daraja jipya lilifunguliwa rasmi mwaka 2016, na maporomoko hayo sasa yanaendesha mitambo ya umeme ya megawati 80, ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana. Kabla ya kupiga picha waulizeni askari wa mpakani. Wao ndio wenye kujua panaporuhusiwa.

Hapo Rusumo baba ana kazi. Mwaka 1894 Mjerumani von Götzen alivukia hapa kuingia Rwanda, lakini watoto wana haja zaidi ya habari nyingine. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu yapata 250,000 walivuka hapa kwa muda wa siku moja, wakikimbia mauaji ya Rwanda, na kule Benako ikatokea kambi kubwa kama mji. Maiti walichukuliwa na mto huu hata ziwani, na maelfu yao walizikwa katika pwani ya Uganda. Wewe uliyekuwa kijana mwaka ule, uliyewaona wageni wakipita na mikeka kichwani, simama hapo uwasimulie wanao. Waambie nani alilala katika ua wenu, na mama yako aliwapikia nini. Usipowaambia wewe, watayasikia kwa mtu asiyekuwapo.

Tena waonyeshe maji. Maji haya yanakwenda ziwani kama ninyi, ila kwa njia nyingine: yanazunguka kaskazini, yanapita Karagwe na Kyaka, na kuingia ziwani upande wa Uganda, karibu na mpaka. Kisha yanatoka Jinja na kuwa mto Nile, hata Misri. Mtoto aliyeona hayo kwa macho yake hatasahau somo lake la jiografia.

Mchana rudini njia panda ya Benako, mshike barabara ya Lusahunga, mkalale Biharamulo.

Siku ya pili, Ijumaa. Asubuhi tazameni boma la Biharamulo. Wajerumani walilijenga mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1916, katika vita kuu ya kwanza, mji ulitwaliwa na askari wa Kibelgiji. Kuta zake nene bado zimesimama. Wenyeji wa Biharamulo, ninyi mwapita hapo kila juma kwenda sokoni. Je, watoto wenu wamepata kuambiwa ni nini? Kwenu safari yaanzia mlangoni.

Kutoka Biharamulo kwenda Muleba kuna mapori marefu. Sehemu kubwa ya mapori ya Biharamulo, Burigi na Kimisi ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato mwaka 2019. Ulizeni watoto nani atakayemwona nyani wa kwanza. Lakini jambo moja mlishike: vaeni nguo za rangi hafifu. Mbung'o hufuata rangi nyeusi na buluu. Shati la buluu lilaze sandukuni siku hiyo.

Sasa shauri dogo la kiti. Mkipanda basi Biharamulo kwenda kaskazini, kaeni upande wa kuume. Ziwa liko mashariki, kwa hiyo litatokea upande huo, kwanza kama wingu jeupe chini ya mbingu, halafu mtoto mmoja atapiga kelele. Mwacheni apige. Laleni Muleba.

Siku ya tatu, Jumamosi. Asubuhi na mapema shukeni mwaloni. Siusemei mwalo mmoja. Jamaa zenu wa Muleba watawaonyesha ulio karibu. Ni saa ile mitumbwi inapofika, na taa za wavuvi wa dagaa zimekwisha zimwa. Sisi wa milimani samaki hutufikia amekwisha kauka au kuvimba kwa chumvi. Hapa mtamla sato aliyekuwa majini saa moja iliyopita. Mtamwona pia sangara, mkubwa kuliko mtoto wa shule. Yeye si mwenyeji. Aliletwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu wengi wa asili, lakini pia akaleta viwanda na fedha. Waulizeni wavuvi maoni yao, nao hawatakosa la kusema.

Mbele ya pwani hiyo kuna visiwa. Mojawapo ni Bumbire, ambako msafiri Stanley alipigana na wenyeji mwaka 1875. Wazungu waliandika habari ile kwa upande wao. Wavuvi wa huko nao wana masimulizi yao.

Kisha pandeni gari kwenda Kemondo, penye bandari. Katika nchi hii, kati ya Kemondo na Maruku, wataalamu wamechimba na kukuta mabaki ya matanuru ya chuma ya yapata miaka 2,000 iliyopita. Kwa hiyo mtu asituambie kwamba babu zetu walingoja meli ya mgeni ndipo wapate jembe.

Bandarini Kemondo nyamazeni kidogo. Meli ya MV Bukoba ilipakia abiria Bukoba, ikapakia tena hapa, na asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikapinduka karibu na Mwanza. Watu zaidi ya 800 walikufa. Ilibeba watu kuliko kipimo chake. Katika mkoa wetu ni tarafa chache ambazo hazikulia siku ile. Nalitaja si kwa kuwatisha, bali kwa sababu lina sheria ndani yake, nami nitaisema hapa chini.

Jioni ingieni Bukoba.

Siku ya nne, Jumapili. Misa ya asubuhi ni katika kanisa kuu la Bukoba. Humo amelazwa Kardinali Laurean Rugambwa, mtoto wa nchi hii, aliyezaliwa mwaka 1912, akafanywa kardinali mwaka 1960, Mwafrika wa kwanza kupata cheo hicho katika nyakati zetu. Alifariki tarehe 8 Desemba 1997, akazikwa kwanza Kashozi, penye misioni iliyoanzishwa na Mapadre Weupe mwaka 1892. Mwaka 2012, kanisa kuu lilipokwisha tengenezwa, akahamishiwa humo.

Baada ya Misa, siku ni ya ufukweni. Leteni ndizi za kuchemsha, maharage na chai, mkae chini ya mti. Mbele yenu ni kisiwa cha Musira. Mwenye umri wa kupanda kilima apande Bunena, kanisa lililo juu karibu na maji. Aone jinsi ziwa linavyokosa ng'ambo. Watoto wakipenda mambo ya kale, kuna makumbusho Nyamukazi. Na baba akipenda, asimulie habari ya Emin Pasha, aliyefika hapa kwa kazi ya Wajerumani mwaka 1890 akaanzisha kituo, ndio mwanzo wa mji huu wa Bukoba.

Siku ya tano, Jumatatu, rudini moja kwa moja, mkifika nyumbani kabla ya giza.

Kwa wenye akiba zaidi kuna njia nyingine: kutoka Biharamulo kwenda Chato na Muganza, na toka huko kwa boti hata kisiwa cha Rubondo, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Humo wamo sokwe, wajukuu wa wale waliorudishwa kutoka Ulaya kuanzia mwaka 1966. Sisi wananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko wageni, lakini boti ni ghali. Wafaa kwenda kundi zima, kama kwaya au darasa, mkagawana gharama.

Mambo ya kuangalia

La kwanza, barabara. Msisafiri usiku. Si zamani sana magari yalisindikizwa na askari katika mapori ya Biharamulo kwa sababu ya majambazi. Hata leo malori ya Rwanda na Burundi ni mengi, na usiku lori bovu halionekani mpaka umelifikia. Gari likijaa, ngojeni jingine. Dereva akinywa, shukeni wote, hata kama mmekwisha lipa.

La pili, ndiyo sheria ya Kemondo. Msipande chombo chochote cha majini, kiwe meli au mtumbwi wa kuvukia kisiwani, kama hakuna koti la kuelea kwa kila mtu, hata mtoto mchanga. Mkiona watu wamejaa kupita kiasi, bakini nchi kavu. Wingu jeusi likitokea, bakini nchi kavu. Mwenye chombo atawacheka, nanyi mwacheni acheke.

La tatu, kuogelea. Penye majani na maji yaliyotulia pana konokono, na penye konokono pana kichocho cha tumbo. Tena pana mamba na viboko. Watoto walowe miguu pale tu wenyeji watakapowaonyesha, wala wasiachwe peke yao. Mtu akirudi akaumwa tumbo au akaona damu katika choo kubwa, aende zahanati aseme wazi kwamba aliingia ziwani. Dawa ipo.

La nne, chandarua. Pwani ina mbu kuliko kwetu milimani. Msikione kizito kukibeba.

Kama haiwezekani

Zipo nyumba zitakazosoma haya na kusema: kwetu mwaka huu haiwezekani. Ada ya shule haijalipwa, au mvua zimetudanganya. Basi msihuzunike, wala msiibe fedha ya ada. Fanyeni safari ya siku moja. Wa Ngara waende Rusumo kwa miguu yao na kwa lori la jirani. Wa Biharamulo waende bomani na viazi vyao ndani ya kikapu. Kitu kikubwa ni kwamba mlikwenda wote, mkiwa wazima, na hakuna aliyekuwa akilia.

Nawe baba, sikiliza neno moja la mwisho. Siku moja wanao watatafuta nauli ili waje kwako upesi, nao wataipata, kama sisi sote tunavyoipata. Watakaa usiku kucha ndani ya basi wakizungumza habari zako. Je, watakuwa na la kuzungumza? Wape sasa siku nne za ziwani, wapate kusema: "Unakumbuka baba alipoogopa mawimbi?"

Jioni ya leo, chakula kikiisha, toeni karatasi. Andikeni majina ya watu wa nyumba, kisha mbele ya kila jina andikeni nauli. Jina la mama liwe la kwanza, maana yeye ndiye asiyepata kwenda popote ila kwa machozi.

Nawatakia safari njema. Juma lijalo tutazungumza habari ya kuhifadhi maharage yasiliwe na wadudu.